Televisheni Yako Ni Ndogo Kuliko Simu: Maswali ya Wadizaina

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya kitu kimoja, matangazo ya picha kwenye TV za intaneti, yale mabango unayokutana nayo ukiwasha tu kabla hujachagua filamu, na yale yanayotokea ukisimamisha kipindi katikati. Yanayofanana nimeyaunganisha, na majina nimeacha yale mliyojipa wenyewe.

Shikamoo kaka. Nimedizaini posta na mabango miaka minne sasa, na mteja wangu amenunua nafasi kwenye skrini ya mwanzo ya huduma ya kustrimu filamu. Nimemtengenezea picha safi, kwenye laptopu kila kitu kinasomeka, ila yeye kaiangalia kwenye TV ya kwake anasema maandishi hayaonekani. TV yake ni inchi 55! Inakuwaje kitu kisomeke kwenye laptopu ya inchi 15 halafu kisisomeke kwenye likioo lote lile? – Dizaina wa Posta

Marahaba mdogo wangu. Nitalijibu hili kwa urefu kwa sababu karibu kila swali lililofuata linatokea humu humu.

Chukua futi kamba tupime. TV ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi, na kimo kama sentimita 68. Sasa mtu hakai ameibandika usoni, anakaa kwenye kochi, tuseme mita tatu, na ndiyo hesabu ambayo watu wa menyu za TV wanaitumia siku zote, wao wanasema futi kumi. Kitu cha sentimita 122 ukikiangalia kutoka mita tatu, kwa jicho ni sawasawa na kitu cha sentimita 12 ukikiangalia kutoka sentimita 30, maana umbali umepungua mara kumi na upana umepungua mara kumi. Na sentimita 30 ndipo watu wengi wanaposhikia simu. Haya sasa chukua simu yako uilaze, upime kioo, nyingi za siku hizi zinafika sentimita 14 au 15. Unaona? Likioo lote lile la sebuleni, kwa mtu aliyekaa kwenye kochi, ni dogo kuliko simu aliyoshika mkononi. Na kama TV yake ni ya inchi 32, hiyo ina upana wa sentimita 71 tu, basi wewe unadizaini kitu cha sentimita 7, nusu ya simu.

Na laptopu je? Ya inchi 15 ina upana wa sentimita 33 hivi na unaiangalia kutoka nusu mita. TV ya mteja wako ukiileta kwenye nusu mita inabaki sentimita 20. Kwa hiyo ulikuwa unaangalia kazi yako ikiwa kubwa zaidi ya mara moja na nusu kuliko atakavyoiona mtu yeyote, tena ukiwa umeinama, taa imewaka, na maneno yenyewe unayajua kwa kichwa kwa sababu umeyaandika wewe. Hapo lazima yasomeke.

Ninachokifanya mimi kabla sijatuma faili lolote ni hiki, natuma picha kwenye simu, nailaza simu ili picha ijae kioo, halafu nanyoosha mkono mpaka mwisho. Mkono ulionyooka ni kama sentimita 60, na simu ya sentimita 15 kwa umbali huo ni sawa na TV ya inchi 32 na kidogo ukiwa kwenye kochi. Nahesabu moja mbili tatu nashusha mkono. Kama nilichokikumbuka ni kile ambacho mteja analipia, sawa, kama sivyo narudi kazini. Hakuna programu ya kununua wala kifaa, ni mkono wako tu.

Sasa herufi. Turubai ya kawaida ya TV ni pikseli 1920 kwa 1080. Utasikia watu wanasema usishuke chini ya fonti ya pikseli 24, na ni kweli hiyo ni sakafu, ila angalia sakafu yenyewe ilivyo chini: fonti ya 24 herufi kama "a" au "n" inabaki na kimo cha nusu yake hivi, yaani milimita 7 kwenye kioo cha inchi 55, ukiileta kwenye umbali wa simu ni milimita 0.7. Nani anasoma hiyo akiwa amejilaza? Mimi hata yale masharti ya chini siyashushi chini ya 36, na kichwa cha tangazo naanzia 80 kwenda juu. Fonti nyembamba zile zinazopendeza kwenye karatasi ziache kabisa, vijimstari vyake vinapotea, chukua fonti nene yenye nafasi za ndani zilizo wazi, "e" isiwe imeziba, "a" isifanane na "o". Na maneno, saba. Nikizidisha saba huwa nakuta kuna sentensi ambayo mteja aliitaka na mtazamaji haihitaji.

Kaka habari za kazi. Mteja wangu anataka vyote, logo kubwa, bidhaa tano, namba ya simu, anuani ya tovuti, alama za mitandao yote ya kijamii, na kitufe chekundu cha NUNUA SASA. Anasema amelipia nafasi yote kwa hiyo itumike yote. Nimwambie nini nisimpoteze? – Nimekwama

Kwa maneno hutamshinda ndugu yangu, mkalishe mbele ya TV. Tengeneza mbili, moja ina vyote alivyotaka na nyingine ina bidhaa moja, sentensi moja, logo. Onyesha ya kwanza sekunde tatu, zima, muulize ameona nini. Halafu ya pili vilevile. Mwache ajisikie mwenyewe akijibu.

Ila hicho kitufe nataka nikusimulie kitu, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi. Kuna mteja nilimdizainia tangazo nikamwekea kitufe cha rangi ya chungwa kona ya chini kulia, kina kivuli, kimetuna, ukikiona unajua ni cha kubonyeza. Siku tangazo limepanda tulikuwa sebuleni kwake, na rimoti alikuwa nayo mama yake. Mama akaliona, likampendeza kweli, akabonyeza mshale wa kulia ili afike kwenye kile kitufe. Ule mstari mweupe unaozunguka boksi ulilopo, wenyewe wanauita fokasi, ukaruka ukaenda kwenye filamu ya pembeni. Akarudi. Akabonyeza chini, ukashuka kwenye safu ya vipindi. Akarudi tena juu. Akanyanyuka akasogea mpaka karibu na kioo, akapandisha miwani, akaniuliza, "Baba, hiki kinabonyezwaje?" Nikamwambia mama bonyeza tu hapo katikati ya rimoti hata bila kusogea, lakini alishachoka, akaiweka rimoti mezani akasema, "Haya, basi." Ile "haya, basi" ninayo mpaka leo. Alitaka kuingia na mimi ndiye niliyemchorea mlango ukutani pasipo na mlango.

Rimoti nyingi zina mishale minne na kitufe cha OK katikati, basi. Hakuna kidole wala mausi. Picha yako kwa TV ni kitu kimoja, inaweza kuwekwa fokasi yote au isiwekwe kabisa, haijui kwamba ndani yake umechora vitu vinavyofanana na vitufe. Kwa hiyo usichore kitufe. Kwanza uliza huduma yenyewe, nyingi zinaweka kitufe chao wenyewe juu ya picha, na ukiweka chako vinakuwa viwili, kimoja kinafanya kazi na kimoja kinadanganya. Kama hawaweki, andika kwa maneno, "Bonyeza OK uone zaidi", na hayo ndiyo yawe sehemu ya maneno yako saba.

Namba ya simu na tovuti na mitandao yote ya kijamii, muulize mteja, mtu amekaa kwenye kochi ananakili na nini? Achague njia moja. Hizo bidhaa nyingine nne hazijafukuzwa, zinakaa kwenye ukurasa unaofunguka baada ya OK, huko kuna nafasi ya kutosha na mtu aliyefika huko amekuja kwa kutaka.

Faili langu limekataliwa mara mbili, wanasema maandishi yametoka nje ya eneo salama. Lakini mimi naona yako ndani ya picha kabisa! Eneo salama ni nini na kwa nini TV ikate picha wakati simu haikati? – Mwenye Haraka

Hii ni habari ya zamani sana iliyobaki mpaka leo. TV za zamani, zile zenye mgongo mrefu, zilikuwa zinachora picha kwa miale ya elektroni, na ukubwa wa picha ulikuwa unacheza cheza kidogo kutokana na umeme na umri wa vifaa. Ili mtu asione ukingo mweusi, watengenezaji waliifanya picha iwe kubwa kidogo kuliko kioo, pembeni zikawa zinafichwa nyuma ya fremu. TV bapa hazina ugonjwa huo, lakini mazoea yalibaki, kuna seti mpaka sasa zikitoka kwenye boksi zinakuza picha kidogo, na mwenye TV hajui hata kwamba kuna seting ya kuzima.

Ndiyo maana kukawa na kanuni, maandishi na logo vikae ndani ya asilimia 90 ya upana na asilimia 90 ya kimo. Kwenye 1920 kwa 1080 ni pikseli 96 kushoto, 96 kulia, 54 juu, 54 chini. Picha yenyewe, yaani mandhari, iende mpaka ukingoni kabisa usiache pengo, ila chochote cha kusomwa kiingie ndani.

Sasa hilo ni nusu ya jibu, na nadhani wewe umekwama kwenye nusu ya pili. Bango lako halikai peke yake. Huduma inaweka menyu yake upande mmoja, mara nyingi kushoto, inaweka kivuli chini ili majina ya vipindi yasomeke, na wengine wanaweka kialama kidogo kinachosema hili ni tangazo kwenye kona. Kwa hiyo kuna sehemu za picha yako ambazo si zako. Waombe templeti yao, yaani kiolezo kinachoonyesha sehemu hizo, iweke kama leya ya juu kabisa kwenye faili lako tangu dakika ya kwanza na uifunge isisogee, usiiweke mwishoni ukimaliza, maana ukiiweka mwishoni utakuta uso wa mtu wako umekaa chini ya menyu na kusogeza kila kitu ni kuanza upya. Nimeona kazi ambayo mkono ulioshika bidhaa umefunikwa wote, imebaki bidhaa inaelea hewani.

Rangi zinanitesa. Nyekundu yangu ikifika kwenye TV inakuwa kama inavuja, maandishi mekundu juu ya bluu yanakuwa na ukungu. Na nyeupe inaumiza macho. Kwenye kompyuta hamna shida hiyo. – Dada wa Rangi

Dada, kwanza angalia faili lako liko kwenye mfumo gani wa rangi. Watu tuliotoka kwenye uchapishaji tunakuwa na CMYK mkononi bila kujua, hiyo ni ya wino na karatasi. TV ni taa, inataka RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu, na uitoe kama sRGB, ile RGB ya kawaida ya skrini. Likiwa CMYK linaweza kukataliwa kabisa au likakubalika na rangi zikawa za ajabu.

Kuvuja kwa nyekundu kuna sababu yake. JPEG, lile faili la picha lililominywa, mara nyingi, na video karibu siku zote, zinatumia ujanja wa kuokoa nafasi: mwanga unahifadhiwa kwa kila pikseli, lakini rangi inahifadhiwa kwa robo tu, pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwa picha ya mtu au mandhari jicho halishtuki kwa sababu jicho letu ni kali kwa mwanga kuliko kwa rangi. Lakini nyekundu na bluu zinaweza kuwa na mwanga unaokaribiana kabisa, zinatofautiana rangi tu, kwa hiyo ukingo wa herufi zako unategemea kile kile kilichopunguzwa kuwa robo. Lazima iwe ukungu. Dawa ni kutenganisha kwa mwanga, si kwa rangi. Igeuze picha yako iwe nyeusi na nyeupe kwa muda, kama maandishi yanapotea kwenye mandhari basi yalikuwa hayapo tangu mwanzo, ulikuwa unadanganywa na rangi. Na kama huduma inapokea PNG, aina nyingine ya faili la picha, tuma PNG, yenyewe haifanyi ujanja huo.

Kuna kipimo kinachotumika kwenye tovuti, WCAG, kinasema maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwanga na mandhari yake wa angalau 4.5 kwa 1 na makubwa 3 kwa 1. Kwa TV mimi nalenga 7 kwa 1 hata kwa maandishi makubwa, kwa sababu sijui TV ya mtu imesetiwaje. Nyingine ziko kwenye ile modi inayokoleza rangi zote mpaka ngozi ya mtu inakuwa ya machungwa, nyingine mwanga wa dirisha unapiga kiooni mchana. Pia kumbuka wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ni kama 1 katika 12, hao si wachache, "punguzo" la kijani juu ya nyekundu kwao ni tope.

Nyeupe ni kweli inaumiza. Mtu amezima taa anatafuta filamu, menyu nyingi za huduma hizi ni nyeusi nyeusi, halafu bango lako linamulika kama tochi. Hatakuchukia kwa maneno lakini kidole kitabonyeza mshale haraka. Tumia nyeupe iliyopoa kidogo kwa maandishi, na mandhari ya giza au ya rangi ya kati.

Kaka nimeweka QR, ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu, kwenye tangazo, mteja anasema haiskaniki mpaka asimame mbele ya TV. – Fundi Mchanga

Imekuwa ndogo, na pengine imebeba kiungo kirefu. QR zilibuniwa Japani na kampuni ya Denso mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, zilikuwa za kuskaniwa karibu, sasa wewe unamtaka mtu aiskani kutoka kwenye kochi. Kuna hesabu ya wachapaji wa mabango, upana wa QR uwe sehemu moja ya kumi ya umbali. Mita tatu inakuwa sentimita 30, na kwenye TV ya inchi 55 hiyo ni pikseli 470 hivi, karibu nusu ya kimo cha kioo! Kamera za simu za sasa zinasamehe, zinashika ndogo kuliko hapo, lakini mimi sishuki chini ya pikseli 300.

Lakini kabla hujaikuza, ipunguze uzito. QR ndogo kabisa ina vijisanduku 21 kwa 21, na kadiri unavyojaza herufi inapanda hatua nne nne, 25, 29, 33, mpaka 177. Chukua QR ya pikseli 300 ukihesabu na ule ukingo mtupu wa vijisanduku vinne kila upande. Kiungo kifupi kikiingia kwenye 25 kwa 25, kila kijisanduku kinapata pikseli 9. Kiungo kirefu chenye mkia wa herufi za kufuatilia kampeni kikiipeleka kwenye 49 kwa 49, kila kijisanduku kinapata pikseli 5 tu. Eneo ni lile lile, ila simu inatafuta vitu vyenye karibu nusu ya ukubwa. Fupisha kiungo, ule mkia wa kufuatilia uweke upande wa pili, kiungo kifupi kimpeleke mtu kwenye kirefu.

Usiweke logo katikati ya QR. Najua inapendeza. Logo inakula sehemu ya data na inakulazimisha uchague kiwango kikubwa cha kujirekebisha, kile kinachovumilia mpaka asilimia 30 iharibike, na kiwango hicho kinaongeza vijisanduku. Kwenye TV hakuna mikwaruzo wala uchafu wa kiwandani, kiwango cha asilimia 7 au 15 kinatosha. Vijisanduku viwe vya giza juu ya boksi jeupe, usigeuze, na kila kijisanduku kiwe pikseli kamili, 9 au 8, siyo 8.6, kwa sababu ukiivuta kwa mausi kingo zinakuwa za kijivu.

Halafu uliza tangazo linakaa kiooni muda gani. Mtu mpaka atafute simu kwenye mito ya kochi, aifungue, afungue kamera, bango linalojibadilisha lenyewe limeshaondoka. Mwaka 2022 kwenye Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, Coinbase, kampuni ya sarafu za kidijitali, walirusha tangazo la sekunde 60 ambalo karibu lote ni QR tu inaelea kwenye kioo, waliipa muda. Wewe kama nafasi yako inazunguka kila baada ya sekunde chache, acha QR, andika anuani fupi ya kukumbukwa.

Nimeona matangazo mengine yametengenezwa kama posta ya filamu, mtu anabonyeza akidhani ni filamu. Mteja wangu anataka hivyo, anasema watabonyeza wengi. Nifanye? – Njia Panda

Usifanye. Watabonyeza, ndiyo, halafu watakuta siyo filamu na watabonyeza kurudi, na jina la mteja wako litakuwa limeunganishwa na ile hasira ndogo ya mtu aliyepotezewa muda wake wa kupumzika. Hesabu ya waliobonyeza itapanda na itamdanganya mteja kwamba kazi imefanikiwa.

Tena hata kwa macho tu ni chaguo baya. Piga picha ya skrini ya mwanzo ya huduma hiyo, uibandike tangazo lako ndani yake uangalie vikiwa pamoja. Posta za filamu zimejaa nyuso, giza, moto, majina makubwa, zote zinapiga kelele kwa wakati mmoja. Ukijifananisha nazo unazama humo humo. Kikombe kimoja juu ya rangi moja iliyotulia, na nafasi tupu kulia, kitaonekana kabla ya zote, na hujamdanganya mtu.

Nidizaini kwa 4K au HD? – Swali Fupi

Fuata karatasi ya masharti ya huduma. Wasipotaja, 1920 kwa 1080, yaani HD, kwa sababu vifaa vingi vinachora menyu zao kwa 1080 hata kama filamu yenyewe inacheza kwa 4K, kwa hiyo faili lako la 3840 kwa 2160 litapunguzwa tu na kifaa, na kifaa hakipunguzi vizuri kama wewe. Lakini kazi yako ya asili ihifadhi kubwa.

Cha kuogopa zaidi ni ile michirizi kwenye mandhari ya giza, pale rangi inapofifia taratibu kutoka bluu kwenda nyeusi halafu kwenye TV unaona ngazi ngazi. Picha ya kawaida ina viwango 256 tu kwa kila rangi, na ukiififisha kutoka giza hadi giza zaidi unatumia labda 20 kati ya hivyo kwenye upana wote wa kioo, kila ngazi inakuwa na upana wa pikseli karibu mia. Nyunyizia chembechembe kidogo sana juu ya mandhari, ziwe hazionekani ukiwa mbali, ngazi zinavunjika. Halafu usiminye JPEG mpaka chembe zenyewe zikageuka viboksi, JPEG inafanya kazi kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kwenye giza vinaonekana haraka.

Kaka, tangazo linalotokea mtu akisimamisha kipindi, hilo linadizainiwa tofauti au natumia lile lile la skrini ya mwanzo? – Msomaji wa Siku Nyingi

Tofauti, na nafurahi umeuliza kwa sababu wengi wanatuma lile lile. Haya yalianza kuonekana 2019 kwenye Hulu, huduma ya kustrimu ya Marekani, na sasa yapo kwenye huduma nyingi. Fikiria aliyesimamisha, ama anaenda jikoni, ama mtoto analia, ama simu imeita. Hakuja kutafuta kitu, alikuwa katikati ya hadithi, na fremu ya hadithi yake bado iko pale nyuma, imefifizwa. Ukilifunika lote kwa kelele unamkera.

Kwa hiyo chukua upande mmoja tu, mara nyingi huduma yenyewe itakupa theluthi moja, iache fremu ionekane. Hujui nyuma yako kuna nini, inaweza kuwa theluji nyeupe au usiku mweusi, kwa hiyo usitume maandishi matupu kwenye PNG isiyo na mandhari ukategemea bahati, weka bamba la rangi chini ya maandishi yako, na ujaribu juu ya fremu nyeupe kabisa na nyeusi kabisa. Maneno yawe machache zaidi hata ya saba. Hapa ndipo QR inafaa kuliko popote, kwa sababu picha imesimama na simu pengine tayari iko mkononi. Na kitu kimoja ambacho naomba usikisahau, akibonyeza kuendelea liondoke papo hapo bila madoido ya kufifia, mwambie mteja mapema asije akaomba sekunde ya ziada, hiyo sekunde ni ya mtazamaji.